Birthday ya mke wangu Karatu mjini, na kondoo wa mama mkwe niliyemsahau miaka mitano

Wakuu, salaam kutoka Karatu, huku vumbi jekundu halichagui nguo ya kazi wala ya kanisani.

Nina kisa cha mwaka huu huu. Nakileta kama kilivyo, chumvi sijatia. Mwenye haraka anisamehe, mimi ni mtu wa stori.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni Mwiraqw wa Endamarariek, wengine mnatuita Wambulu, sawa tu. Kazi yangu ni driver guide, karibu kila wiki nashusha wageni kreta ya Ngorongoro kuona wanyama. Mke wangu Naserian ni Mmasai wa Malambo, ni fundi cherehani hapa mjini. Tuna miaka mitano ya ndoa na binti mmoja.

Sasa, katika miaka hiyo yote mama mkwe hakuwahi kukanyaga kwetu. Hata mara moja. Mtoto alipozaliwa alituma samli na shanga za mjukuu, mwenyewe hakuja. Akiongea na bintiye kwenye simu, mimi ananiita "huyo". Huyo hajambo? Huyo yuko kazini?

Naserian alikuwa na jibu lake, na aliniambia, kwamba mama hajakubali yeye kuolewa na Mmbulu. Hakunilaumu hata siku moja. Ila birthday yake ikifika namwona anashika simu, anaiweka. Iliniuma sana, sitawaficha.

Mwaka huu alikuwa anatimiza thelathini. Nikamuuliza anataka zawadi gani.

"Nataka siku moja nizunguke mjini na mama yangu," alisema. "Halafu tukae meza moja tule. Mama, wewe, mimi na mtoto. Basi."

Mwenzenu nikajiona mwanaume wa shoka. Nikamtafuta kaka yake aliyeko Malambo, nikamwomba amwambie mama kwamba bintiye anatimiza thelathini na anamlilia. Nilijua atakataa. Jibu likaja siku hiyo hiyo, anakuja.

Wanaojua usafiri wa Malambo watanielewa. Yule mama alitoka kwake siku moja kabla, akalala kwa ndugu zake kule juu Ngorongoro, asubuhi akashuka stendi ya Karatu kanyooka, shuka safi, shanga zimepangwa shingoni, kibuyu cha maziwa mkononi. Sisi madereva tukipiga ile njia tunalalamika mgongo wiki nzima.

Naserian ndiye aliyempokea. Mimi nilikuwa napanga mambo ya mchana, kwa hiyo nusu ya kwanza ya siku niliiona kwa picha alizokuwa ananitumia. Mama yuko ndani ya kibanda cha ushonaji, anapitisha kidole kwenye pindo la kila gauni lililotundikwa. Mama yuko sokoni, anavunja punje ya mahindi kwa meno na kumtikisia kichwa muuzaji. Mama kambeba mjukuu, na mtoto wangu ambaye hakubali kubebwa na mtu, katulia tuli.

Kwenye picha moja mke wangu anacheka hadi macho yamefumba. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo siku nyingi.

Saa saba nikawa nimeshaketi hotelini. Nilireserve meza ya katikati kabisa, viti vinne, keki ina jina lake. Mimi nimekaa natazama mlango, kama mwenyekiti wa harusi.

Mama mkwe akaingia. Akaniona.

Akasimama hapo hapo, akavuta shuka akafunika uso, akageuka na kutoka nje.

Wakuu, niliishiwa pozi. Hoteli nzima inanitazama mimi na keki yangu. Naserian alibaki mlangoni na mtoto, machozi yanamlenga. Akasema kwa sauti ndogo, "Umeona? Nilikwambia hakutaki." Kisha akamfuata mama yake.

Nikawaona kupitia dirishani, wamekaa kwenye ngazi. Nadhani miaka mitano yote iliulizwa pale. Mke wangu anaongea na mikono, mama anajibu taratibu, hana papara.

Baada ya muda Naserian akarudi, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mama hana neno na wewe," akaniambia. "Hana jina la kukuita."

Nikamwambia jina langu analijua vizuri. Ndipo akanieleza.

Kwao, mama mkwe na mkwe hawatajani majina, wala hawakai uso kwa uso wakala. Ni heshima. Lakini wakati wa kuoa, mwanaume anamtolea mama mkwe kondoo jike. Kuanzia siku hiyo wanaitana Pakerr, yaani mtu wa kondoo wangu. Ndiyo salamu yao, ndiyo njia ya mama kuingia nyumbani kwa mkwe bila aibu.

Mimi kondoo huyo sikumtoa. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, mambo yote alishika baba mdogo wake Naserian, ndoa ilikuwa ya kanisani, na wazee wangu wa Endamarariek waliambiwa kila kitu kimekamilika. Naserian alidhani mama alishapewa, ndiyo maana ile "huyo" aliiona ni kunikataa, na kula meza moja alidhani mjini kunaruhusiwa. Na mama hadai kondoo, wakuu. Unasubiri mkwe akumbuke mwenyewe. Akasubiri miaka mitano.

Nikauliza, sasa leo kaja vipi?

"Kasema birthday ni yangu. Kwangu atakuja hata kwa miguu, kwako bado."

Bahati ilikuwa siku ya mnada. Nikaacha keki mezani, nikachukua Noah yangu mbio mpaka upande wa mifugo. Nikachagua dume moja la nguvu, mkia mnene, mafuta tupu. Sisi Wambulu mtu akisema kondoo mawazo yanakimbilia supu.

Muuzaji, mzee wa Kimasai, akaniuliza nampelekea nani. Nikasema mama mkwe. Akanitazama, akachukua kamba mkononi mwangu, akanipa jike changa jeupe lisilo na doa. Aliniokoa yule mzee, Mungu ambariki.

Nilirudi hotelini kondoo amekaa kiti cha wageni. Sikumsogelea mama. Nilimpa Naserian kamba, nikasimama pembeni nikitazama chini kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Mama akainuka. Akamfungua kondoo mdomo akaangalia meno, akapapasa mgongo, akashika chuchu. Hakuacha kitu. Kisha akatema mate kidogo kuelekea upande wangu, ambayo kwao ni baraka, msije mkanielewa vibaya.

Basi ile meza ya watu wanne haikukaliwa kama tulivyopanga. Mama, bintiye na mjukuu walikula ndani, mimi nikabaki nje kumzuia kondoo asimalize maua ya hoteli. Kila nikigeuka namwona Naserian anamlisha mama yake keki kwa kijiko, na mama anakunja uso kwa ile sukari lakini anafungua mdomo tena.

Jioni nikaendesha hadi nyumbani, wao nyuma, hata kioo cha nyuma sikukitazama. Tulipofika, mama akashuka, akasimama mbele ya mlango wetu kidogo, kisha akaingia. Mimi nikabaki nje nafunga kondoo.

Nikasikia sauti yake toka ndani, kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno:

"Pakerr. Umekula?"

Tangu asubuhi sikuwa nimeweka kitu mdomoni, na katika shughuli zote zile ni yeye pekee aliyeona. Nililia wakuu, nikiwa nimeshika kamba ya kondoo. Sioni aibu kulisema.

Nilichojifunza ni kwamba yule mama hakunikataa hata siku moja. Mimi nilidhani ni ukabila, kumbe alikuwa ananitunzia nafasi yangu hadi nitakapoijaza.

Wenye kujua mila za wakwe zenu, tiririkeni hapa tuelimishane. Na wewe uliyeoa na umekaa kimya unasoma, hebu niambie: mama mkwe wako anakuitaje?