Ombi la Kuachiwa Jina

Kwa miaka ishirini na tisa Mzee Bati alitengeneza vibao vya namba za magari ya watu wengine, na siku aliyostaafu yeye mwenyewe hakuwa na gari. Jina hilo la utani alipewa na wenzake kazini. Wengine walisema ni kwa sababu ya mabati aliyoyashika kutwa nzima. Wengine, wakishahakikisha hayupo, walisema ni kwa sababu ukimgonga popote hutoa sauti ileile moja.

Karakana yao ilikuwa chumba kirefu nyuma ya ofisi ya usajili wa magari. Kulikuwa na mashine ya kugandamiza, rafu ya vyuma vya herufi na meza ya kupakia rangi. Orodha ililetwa kila asubuhi. Mtu mmoja aliisoma kwa sauti, herufi mojamoja, na Mzee Bati akazipanga kuanzia kulia kwenda kushoto, kwa kuwa chuma cha herufi huchongwa kinyume. Alivuta mkono wa mashine, bati likatoka herufi zimevimba. Alizihesabu kwa kidole, akasaini daftari, akaenda kwenye kibao kinachofuata.

Hakusoma kamwe. Hilo lilikuwa fahari yake. Alisema anayesoma hukosea, kwa sababu jicho huona linalotaka kuona na kuruka lililopo. Katika miaka yote hiyo hakurudishiwa kibao hata kimoja.

Aliyemsomea orodha miaka saba ya mwisho alikuwa mpaka rangi mmoja mcheshi, wakimwita Rangi. Watu waliporuhusiwa kununua kibao chenye jina badala ya namba, Rangi alipata sinema ya bure kila asubuhi.

"Kaka, sikia huyu! Kajiita TAJIRI. Gari lenyewe nalijua, halipandi mlima bila kusukumwa!"

Mzee Bati hakucheka. "Tumeajiriwa kupiga, hatukuajiriwa kucheka. Jina la mtu ni la mtu. Kuanzia leo taja herufi, basi."

Tangu siku hiyo Rangi akataja herufi, basi.

Nyumbani Mzee Bati alikuwa na vyumba viwili, viti viwili na vikombe viwili. Kikombe kimoja hakikuwa kimeguswa kwa muda mrefu, ila kila Jumamosi alikiosha pamoja na chake kwa sababu ya vumbi. Akirudi kazini aliwasha redio kabla ya kuvua viatu. Hakuisikiliza. Aliiwasha ili pawe na mtu.

Zamani hakuhitaji redio. Mkewe alifariki mtoto wao akiwa na miaka sita, akamlea peke yake. Alijifunza kusuka nywele kwa jirani, akamsuka binti yake kila Jumapili kwa vidole vinavyonuka tinya ya kuchanganyia rangi. Mtoto alikuwa msemaji. Alisema akioga, alisema akila, alisema akiwa nusu usingizini, na baba yake akampa jina la mdudu yule anayelia gizani bila kuchoka: Nyenje. Shuleni alikuwa na jina lake jingine. Nyenje lilikuwa la ndani ya vile vyumba viwili.

Binti alipokuwa mtu mzima alipata mchumba, fundi magari. Jioni moja alimletea baba yake karatasi yenye namba. Mchumba wake alitaka kibao cha gari fulani, lililopoteza kibao chake, bila kupitia usajili.

"Baba, ni kibao kimoja tu. Dakika tano."

"Karatasi za gari ziko wapi?"

"Ingekuwa na karatasi ningekuja kwako?"

Alikataa. Kesho yake asubuhi akaenda kituo cha polisi, akaeleza alichoombwa na nani aliyeomba. Gari lile lilikuwa la wizi. Yule fundi alifungwa miezi minane.

Alifanya haki, na hilo halina mjadala. Gari la wizi lina mwenyewe, na mwenyewe huyo naye ana watoto. Kosa lake lilikuja baadaye. Binti yake alipomaliza kufungasha nguo, alisimama mlangoni akiwa na mkoba begani, akamwambia, "Ningekuwa bati, baba, ungenishika kwa mikono miwili." Akasubiri. Mzee Bati alikuwa na maneno, lakini aliona kwamba mwenye haki hana la kueleza. Akamwacha aende. Hakumfuata kesho yake, wala wiki iliyofuata. Alingoja mkosaji arudi kuomba radhi, akangoja miaka kumi na mmoja. Kuwa na haki ni jambo moja. Kuifanya haki kiti, ukaketi juu yake usiinuke, ni jambo jingine.

Alipostaafu alinunua gari dogo jeupe kwa mwalimu aliyekuwa anahama, naye mwalimu akabaki na vibao vyake vya zamani. Majirani walishangaa. Mtu mmoja, asiye na safari, gari la nini? Hakumwambia yeyote. Hakuwa na namba ya simu ya binti yake, wala hakujua anaishi mtaa gani, wala kama bado yuko katika mji huu. Lakini barabara zilikuwepo, na watu hupita barabarani. Gari likizunguka mjini limeandikwa NYENJE mbele na nyuma, mtu mmoja tu duniani angeelewa ni nani anayemwita.

Siku ya kwenda kuomba alivaa shati la kustaafia. Kwa mara ya kwanza aliingia ofisi ya usajili kwa mlango wa mbele. Alichukua foleni, akaketi kwenye benchi chini ya ubao wa vibao vya mfano, vyote kazi ya mikono yake. Hakuna aliyemjua pale. Alipoitwa, karani, binti wa miaka ishirini na kitu, alimpa fomu yenye visanduku. Akajaza: N, Y, E, N, J, E. Akahesabu kwa kidole. Sita.

Karani akabonyeza kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, hili limechukuliwa."

"Haiwezekani."

"Limechukuliwa. Lakini unaweza kuongeza namba, NYENJE 2. Hiyo ipo. Wengi hufanya hivyo."

"Hakuna Nyenje wa pili."

Karani alicheka akidhani ni utani, kisha akamtazama usoni, akaacha.

"Lilichukuliwa lini?"

"Miaka miwili iliyopita. Mwezi wa tisa."

Mzee Bati alitoka, akazunguka jengo mpaka mlango wa nyuma. Rangi alimpokea kwa kelele.

"Ohoo! Kaka, umechoka kupumzika? Njoo uvute mashine, mimi mgongo umeisha!"

"Nipe daftari la mwaka juzi."

Alilifungua mwezi wa tisa, akateremsha kidole. Ilikuwa Jumanne. NYENJE, vibao viwili, mbele na nyuma. Pembeni palikuwa na saini, imenyooka kama zote. Saini yake.

Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Alikuwa amezichagua herufi sita kwa vidole vyake, akazipanga, akavuta mkono wa mashine mara mbili. Jina la mwanawe lilikuwa limelala mezani mbele ya macho yake, akahesabu sita, akasaini.

"Wewe ulinisomea hii," alimwambia Rangi.

Rangi akainama juu ya daftari. "Ndiyo. Hii naikumbuka. Nilitaka kucheka siku ile, nikuambie kuna mtu kajiita mdudu. Nikakumbuka onyo lako, nikameza." Akamtazama. "Kwani kuna kosa, kaka?"

"Hakuna kosa. Herufi zimetimia."

Kibali cha muda cha karatasi kilichobandikwa kwenye kioo cha gari lake kilikuwa na siku chache, akazitumia zote barabarani. Alizunguka akitazama nyuma ya magari. Kwenye taa za njia panda alichelewa kuondoka, akiwa anahangaika na kibao kilichofunikwa tope, na dereva wa lori akatoa kichwa dirishani.

"Mzee! Unaendesha au unasoma?"

Watu kwenye kituo wakacheka. Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua aliyeliuliza.

Siku ya tano alirudi kwa karani. Hakuzunguka. Alimweleza habari yote kwa sentensi chache, kama mtu anayetoa ushahidi: jina alilitoa yeye, binti ni mmoja, miaka ni kumi na mmoja. Karani alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti.

"Baba, ngoja. Anwani yake iko hapa hapa. Nikigeuza kioo hiki cha kompyuta kidogo tu, wewe utakuwa umeona mwenyewe. Mimi sijasema kitu."

Mikono ya Mzee Bati ilikuwa juu ya kaunta. Kioo kilikuwa karibu kiasi kwamba aliona mwanga wake kwenye kucha za yule karani.

"Usigeuze," alisema.

"Lakini ni mwanao!"

"Kesho atakuja mwingine aseme ni mke wake. Utamgeuzia. Na huyo anamtafuta ili ampige."

Karani aliurudisha mkono wake. Labda aliudhika, labda aliona haya. Kisha akafungua droo ya chini kabisa.

"Kuna hii. Haiombwi mara nyingi." Ilikuwa fomu ya kurasa mbili, Ombi la Kuachiwa Jina. Mtu akikuta jina analolitaka limechukuliwa, anaweza kumwomba mwenye jina amwachie. Ofisi humpelekea mwenye jina fomu hiyo, ikiwa na jina la mwombaji, bila kumwonyesha mwombaji anwani. Mwenye jina hujibu ndani ya siku thelathini: nakubali, au nakataa.

Miaka ishirini na tisa katika jengo lile, hakuwahi kujua kwamba fomu hiyo ipo.

Aliijaza palepale, amesimama. Jina lake kamili. Namba yake ya simu. Mtaa, ambao haukuwa umebadilika. Palipoandikwa "Sababu ya ombi" alisita mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Mwisho aliandika: "Nililipiga mwenyewe bila kulisoma. Naomba kulisoma."

Karani alisoma, akagonga muhuri.

Siku zile za kungoja alimwita fundi akalifungia gari mkanda mpya wa injini pale lilipoegeshwa chini ya dirisha, maana kibali kilikuwa kimekwisha na yeye si mtu wa kuendesha gari bila kibali. Aliliosha hata hivyo. Simu aliiweka mezani kati ya vikombe viwili. Ililia mara tatu, mara mbili ni matangazo, mara moja ni Rangi akiuliza ufunguo wa kabati la vyuma ulikuwa ukiwekwa wapi.

Siku ya ishirini na sita alitumiwa ujumbe kwamba jibu limefika.

Karani alimsukumia karatasi juu ya kaunta akitazama pembeni. Alama ilikuwa kwenye "Nakataa". Sehemu ya simu ilikuwa tupu. Sehemu ya sababu ilikuwa na mwandiko wenye mikia mirefu, uleule uliokuwa ukijaza madaftari ya shule mpaka nje ya mistari:

"Jina hili nilipewa na baba yangu. Siliachii."

Alilisoma. Hakuhesabu herufi. Alilisoma tena, taratibu, midomo ikicheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Pole, mzee wangu," alisema karani.

"Usinipe pole." Sauti yake haikuwa ileile moja. "Mtu akikataliwa, sheria inamruhusu kuomba tena?"

"Inamruhusu. Baada ya miezi kumi na miwili."

"Nipe fomu."

"Lakini si mpaka mwakani?"

"Najua. Nipe."

Gari lilihitaji namba, akakubali ile iliyokuwa inafuata kwenye orodha, namba ya mtu yeyote. Rangi alimpigia vibao akamfungia mwenyewe kwa bisibisi, akisema maneno mengi, akimtania kwamba sasa amekuwa mteja na mteja hajui kitu. Mzee Bati alimsikiliza mpaka mwisho na hakumkatiza.

Jioni aliweka fomu mpya mezani, akasogeza kikombe cha pili akaikandamiza nacho isipeperuke. Aliwasha redio. Kisha akaizima. Chumba kilikuwa kimya kama kilivyokuwa miaka yote hiyo, ila sasa alijua kwamba mahali fulani katika mji huu gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, na jina la nyumba hii limefungwa juu yake kwa skrubu nne, na mwenye gari hakutaka kumwona.

Alijaza jina, simu na mtaa. Sababu hakuiandika, alikuwa na mwaka mzima wa kuitafuta. Lakini aliona kwamba fomu haina mahali pa salamu, wala mahali pa lile neno alilolizuia mlangoni siku ya mkoba. Kulikuwa na nafasi moja tu iliyobaki, juu kabisa, imezungushiwa mstari mweusi: "Kwa matumizi ya ofisi tu."

Mzee Bati aliitazama nafasi hiyo kwa muda. Kisha akaandika ndani yake: "Mwanangu, nisamehe. Sikukufuata."