Deo, ujumbe wako nimeuzuia usifutike

Siamini bado, jamani. Juzi nilimpigia nimuulize kama nikubali update mpya ya simu. Ikaita mpaka ikakata, ndipo nikakumbuka kwamba tumeshamzika.

Kwa wasiomfahamu: Deo alikuwa mtu wa IT ofisini kwetu hapa Morogoro, tunakonunua mboga za wakulima wa milimani. Mluguru wa Matombo, mbishi daraja la kwanza. Rafiki yangu.

Kamera ya laptop yake aliiziba kwa plasta ya kidonda. Nikamwambia, "Deo, sura hiyo nani aibe?" Akasema, "Sura hawana shida nayo, kaka. Wanataka kujua unaangalia nini ukidhani uko peke yako." Nilicheka sana. Kesho yake na mimi nikabandika plasta, nikasingizia kamera imepasuka.

HR walipoleta mashine ya kuingilia kazini kwa alama ya kidole, akagoma. "Password ikivuja nabadilisha. Kidole kikivuja nifanyeje, nikikate?"

Mimi nikanunua saa inayohesabu hatua. Nikila ugali inanipongeza kwa mazoezi. Deo akauliza, "Na habari za ugali wako inampelekea nani?" Sikujua. Mpaka leo sijui.

Msidhani alichukia vifaa. Alivipenda kuliko mimi ninavyopenda nyama choma, na mnaniona nilivyo. Simu mpya ikifika ofisini aliinusa kwanza, kisha akatafuta skrubu. Akizikosa, anakasirika: "Kama huruhusiwi kuifungua, basi hujanunua. Umeazimwa tu."

Halafu ile siku kule kijijini Mkuyuni. Kampuni moja ilikuja kuwagawia wakulima wetu simu za bure zenye app yao ndani. Deo akaomba asome terms and conditions. Zote. Akatafsiri mstari kwa mstari, jua linatuchoma: itajua ulipo, itasoma majina ya watu wako, itasikiliza maikrofoni.

Bibi mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, hii simu inataka kujua nalala wapi na naongea na nani. Kwani imeshatoa mahari?"

Aisee! Mkutano ulivunjika kwa vicheko, na simu nyingi zikarudi kwenye maboksi. Boss alimwita Deo ofisini. Alitoka anatabasamu.

Sasa niwaambie linaloninyima raha.

Chat zake zote alizipanga zijifute baada ya wiki. Na alituma voice note tu, hakuandika. Alisema keyboard inasoma kila unachoandika, ila lafudhi ya Matombo hawajaiweza.

Jumatano jioni alinitumia moja ya kunisema kuhusu spika yangu mpya, ile unayoiambia "washa redio" inawasha. "Kaka, umemkaribisha mtu sebuleni na humjui jina!" Alfajiri ya Alhamisi moyo wake ulisimama.

Kwenye msiba nikawa naifungua chat yetu kila nikipata upenyo. Kila nikiifungua ilikuwa fupi kuliko jana. Deo anaondoka kidogo kidogo mbele ya macho yangu, kwa mipangilio aliyoiweka mwenyewe.

Jumanne nikaenda kwake Mazimbu kumsalimia mkewe. Ikabaki ile voice note moja tu, na kesho yake nayo ilikuwa inaondoka. Nikamwekea asikilize. Deo ananisema weee, halafu katikati sauti ya mtoto: "Babaa!" Naye anakatisha, "Subiri mama, baba anakuja."

Tumaini, binti yao, hajafikisha miaka mitatu. Alikuwa chini anacheza na kifuniko cha sufuria. Akanyanyua kichwa, akaangalia mlangoni.

Shemeji akanishika mkono. "Ihifadhi."

Nikamwambia kwamba Deo hakutaka. Kuirekodi kwa simu nyingine angesema ni wizi wa mlango wa nyuma. Kuna kitufe cha kuzuia ujumbe usifutike, lakini app inamjulisha aliyeutuma, na yeye ana haki ya kukataa. Akikataa, unafutika.

"Shemeji," akasema, "umebishana na mume wangu miaka yote hujawahi kumtii. Leo ndiyo unaanza? Huyu mtoto akiniuliza baba alikuwa anaongeaje, nimsomee vigezo na masharti?"

Nikabonyeza.

Juu ya kabati, simu ya Deo ikatetemeka. Shemeji alikuwa anaichaji kila siku, sijui kwa nini, na sikuuliza. Kioo kikawaka, kikazima.

Shemeji akasema polepole, "Keshajua."

Alitaka kuizima. Nikamwomba aiache. Mtu aliyepigania maisha yake yote haki ya kusema hapana, siwezi kumfungia mlango kwa sababu tu amekufa.

Nywila yake hakumpa mtu, hata mkewe. Kwa hiyo hakuna wa kubonyeza kwa niaba yake. Na mimi, mtu mzima na kitambi changu, kila asubuhi kabla ya chai nafungua chat nikiwa nimeshikilia pumzi.

Deo, hadi naandika hapa bado ipo. Sijui kama umeniruhusu au hujaiona. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akikaa kimya hajakubali, kwa hiyo sijisifu.

Jana Tumaini aliisikiliza mara nyingi, mpaka ukifika pale unaposema unakuja akaanza kukujibu, "Njoo basi."

Ukikataa nitaelewa, sitabisha. Ila nakuomba, kaka, hii moja tuachie.

Lala salama, mbishi wangu. Lala, mtoto anakusikia.