Blanketi la Koko Honorine

Mimi hasira zangu ziko karibu, mtaa wetu mzima wa Minto, huku ughaibuni, unajua, na asubuhi ile ya Julai, ambayo huku ni katikati ya baridi kali, zilitoka zote. Lakini wacha kwanza niwaambie kuhusu Koko Honorine, mjue nilimfokea nani.

Koko ni mama yake Bibiane, jirani yangu. Kwa Wakongo bibi huitwa Koko, nasi Wakenya tumezoea hivyo hivyo. Ni mwembamba, mbishi, na haji kwangu mikono mitupu: leo lengalenga, yaani mchicha, kesho sombe ya majani ya muhogo. Mimea yake huisemesha. Gari la Bibiane likikataa kuwaka, yeye hulipapasa boneti na kuliambia pole. Gari jamani! Nilimpenda tangu siku aliponiambia usoni kwamba ugali wangu haujaiva.

Mwaka huu madaktari walipanga kumbadilishia nyonga. Akakubali, ila kwa sharti moja: halali juu ya meza yao kabla hajabatizwa, tena si kwa kunyunyiziwa. Anataka kuzama mwili mzima. Kule kwenye kambi ya wakimbizi alikotoka maji yalikuwa ya foleni na ndoo, ya kumzamisha mtu yangetoka wapi? Bwawa la kuogelea lilikuwa kwangu, tulilikuta na nyumba. Mchungaji wao akamsihi angoje kiangazi.

"Na kama wakinilaza nisiamke?" Koko akauliza. Mchungaji akapanga tarehe.

Mimi ni nesi. Nikasema maji yapashwe moto, la sivyo bibi wa watu haingii. Hita ya gesi ipo, lakini haifanyi kazi bila pampu ya kuzungusha maji, na wiki hiyo baridi ilikuwa ya kuuma mifupa, nyasi nyeupe kwa barafu kila asubuhi. Mwaka jana maji yaliganda ndani ya pampu ikapasuka. Safari hii nikayaviringishia mabomba taulo kuukuu, nikaiacha pampu ingurume usiku kucha, maana maji yanayotembea hayagandi upesi. Nikamwambia Koko wazi: pampu ikifa, hakuna ubatizo. Akaenda kuitazama, akaiwekea mkono, akarudi kwao.

Siku yenyewe ikafika. Naamka, pampu kimya. Nikatoka na ndara zangu mbio mpaka uani. Pampu imefunikwa blanketi, lile la Koko la maua mekundu ambalo hata Bibiane haruhusiwi kulifua, na juu yake imefungwa kitenge, fundo kwa mbele, sawasawa na mtoto wa mgongoni. Nikalivuta. Mota ilikuwa ya moto kama sufuria. Ilikosa hewa, ikajizima.

"Nani kafanya ujinga huu?"

"Ni mimi, mama." Koko alikuwa nyuma yangu na mkongojo wake. "Ile mashine ilikuwa inatetemeka na baridi. Mie ningelala namna gani?"

"Ghai, Koko! Ikitetemeka ndiyo nzima! Ikinyamaza ndiyo imekufa!"

Uso ulimshuka. "Basi nimeiua," akasema. "Na ubatizo wangu nao." Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakunja mikono. Hasira ziliniisha palepale, nikatamani ardhi inimeze. Kumbe usiku huo alilala bila blanketi lake.

Nikapapasa mabomba: hayakupasuka. Nikakaa kando yake tukaingoja mota ipoe, yeye midomo ikichezacheza. Nadhani alikuwa akiiombea pampu. Mwishowe nikabonyeza swichi. Ikakohoa, ikakwama, halafu ikanguruma. Koko alipiga vigelegele hadi mbwa wa majirani wakaanza kubweka.

Mchana maji yalikuwa vuguvugu. Mchungaji na Bibiane walimshusha ngazi polepole, wakamzamisha, wakamwinua. Alitoka meno yakigongana kwa upepo, mwili mzima ukitetemeka, na kicheko juu. Nikamkimbilia na blanketi lake. Akausukuma mkono wangu.

"Ngoja kidogo, binti yangu. Si ulisema yenye kutetemeka ndiyo nzima?"

Nilimfunika kwa lazima, nikamfungia kitenge chake juu, fundo kwa mbele, huku machozi yananitoka na wala sioni haya.