Binti wa Gesi na Msiba wa Mdogo Wangu

Mjukuu wangu ndiye anayeandika, kwani mimi sikupelekwa shule. Nimemwagiza aandike ninavyosema, asiongeze sukari.

Namshukuru binti mmoja ambaye si wa ukoo wangu wala si wa dini yangu. Alikuja kwetu Temeke akiwa ametumwa na kampuni ya vijana inayouza gesi ya kupikia kwa njia ya simu: unawekewa mtungi nyumbani, juu yake pana mita, nawe unalipia kidogo kidogo, hata ya kuchemshia chai ya asubuhi tu. Kampuni ilikuwa changa, na ilihitaji wateja upesi. Ilileta gari la matangazo, ikapiga muziki mpaka watoto wakachoka kucheza. Ilimtumia kila mwenye simu ujumbe. Iligawa fulana za rangi ya chungwa. Tulizichukua, wengine wanazipigia deki mpaka leo. Mkaa tuliendelea kuununua.

Ndipo akatumwa yule binti, apite nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama ni habari ya gesi, nimekwisha kuisikia."

"Bibi, nisikilize kidogo tu. Nisipopata wateja mtaa huu, mwisho wa mwezi sina kazi."

"Kazi yako haiivishi maharage yangu."

Jirani yangu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akadakia: "Gesi mnatuuzia kwa simu. Kesho mtatuuzia na pumzi."

Tulicheka. Naye alicheka, akaaga. Wiki iliyofuata alirudi, nami nikamrudisha alikotoka.

Aliporudi tena, alikuta turubai limefungwa mbele ya nyumba. Mdogo wangu wa tumbo moja, niliyeishi naye tangu sote wawili tulipofiwa na waume zetu, alikuwa amefariki alfajiri. Nilikuwa mkekani karibu na mlango wa uani nilipomwona binti akiingia na ile fulana ya chungwa, maandishi makubwa yamejaa mgongoni. Nikasema moyoni: akilitamka neno gesi, nitainuka nimtoe kwa mkono wangu.

Hakulitamka. Alimwomba jirani yangu khanga, akajitanda kuanzia mabegani hata maandishi yote yakafichika. Akanipa mkono wa pole, kisha akaenda uani kumenya vitunguu na wanawake wenzake. Nyama ilipofika kutoka machinjioni Vingunguti, alikuwa miongoni mwa walioikata.

Kabla ya adhuhuri simu yake iliita. Niliyasikia yote, maana bosi wake alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatazwa jambo.

"Uko wapi?"

"Msibani, bosi."

"Watu wengi?"

"Wengi."

"Basi wateja ndio hao. Naleta mitungi miwili wapikie bure, wewe utundike bango kwenye turubai, upige na picha."

"Bosi, maiti bado iko ndani."

"Sisemi kwa ubaya. Na sisi tunatoa rambirambi yetu."

"Mitungi lete. Bango situndiki."

"Unakumbuka mwisho wa mwezi ni lini?"

"Nakumbuka."

Akaiweka simu kando. Jirani yangu akamtazama. "Mwanangu, ndiyo kazi imekwenda hiyo?"

"Sijui, mama. Naomba kisu kingine, hiki butu."

Mitungi haikuja. Tulipika kwa kuni. Binti alikaa nasi mpaka watu waliporudi kutoka makaburini, na siku zilizofuata alikuja kuosha masufuria hadi tulipoanua tanga. Siku hiyo nilimwita mbele ya wanawake wale wale.

"Hiyo gesi yako inawashwaje?"

"Bibi, sikuja kwa hilo."

"Najua. Mimi ndiye ninayeuliza."

Akaeleza, nami nikamwagiza mtungi. Jirani yangu akashikilia kwamba wake ufungwe kwanza, kwa kuwa khanga ilikuwa yake. Wengine wakafuata, na mwezi ulipokwisha binti alikuwa bado na kazi yake.

Siku moja alikuja akiwa na wasiwasi. Bosi alitaka kujua ametumia mbinu gani, ili awafundishe wafanyakazi wengine.

"Nimwambie nini, bibi?"

"Mwambie ulizika na watu."

"Atataka tufanye hivyo kila mtaa."

"Basi mwambie watu hufiwa kwa siku ya Mungu, si kwa mwisho wa mwezi wake."

Gesi yenyewe ni nzuri; nisingeinunua kwa kumwonea mtu huruma. Lakini shukrani yangu si ya gesi. Mdogo wangu alitoka nyumbani mabegani mwa watu, wala hapakuwa na tangazo la mtu yeyote juu ya jeneza lake. Aliyelizuia alikuwa na cha kupoteza, naye alikijua. Mwenyezi Mungu amzidishie.