Zalifa wa Badjanani na Komedia ya Miaka Mia Tatu

Zalifa Msa alikuwa mshonaji wa Badjanani, mji wa kale wa Moroni, na hakuwahi kukalia dawati la shule. Alisoma chuo cha Kurani tu, kisha akaolewa, akaachika, akanunua cherehani. Lakini kwa miaka sita alishona mavazi ya maigizo ya wanafunzi wa sekondari, na kila jioni ya mazoezi alikaa pembeni akipiga pindo, masikio yamesimama. Mwalimu Mfaransa aliyeongoza maigizo alikuwa mkali. Kipande kimoja alikirudisha mara ishirini. Zalifa naye alikisikia mara ishirini.

Mwaka 1975 visiwa vikajitangazia uhuru, na kabla mwaka haujaisha walimu Wafaransa wakaondoka. Mavazi yakabaki kwa Zalifa. Mchezo nao ukabaki, wote kichwani mwake: komedia ya zaidi ya miaka mia tatu, ya baba anayetaka kumwoza bintiye kwa mzee tajiri, na mtumishi wa kike mwenye ulimi mkali anayewazungusha wote wawili. Maneno aliyajua kama mtoto anavyojua sura ndefu aliyoihifadhi, sauti yote anayo, maana nusu.

Nusu ya pili aliipata kwa Bourhane, jirani yake, karani wa posta. Serikali ya mapinduzi ya Ali Soilih ilipowaachisha kazi watumishi wake mwaka 1977, Bourhane alikaa barazani siku nzima, hana la kufanya. Zalifa akamwendea.

"Kifaransa unakijua. Nikikutajia mchezo kutoka kichwani, utanigeuzia kwa lugha yetu?"

"Nani atatazama, dada? Sekondari yenyewe imefungwa."

"Shule za huko ndani, ambazo hazijaona hata pazia."

Walipata wenzao watatu. Bourhane akawa mzee tajiri, Zalifa mtumishi. Shangazi yake alimnunia mwezi mzima kwa kusimama mbele za wanaume. Kamati ya vijana, iliyokuwa na mhuri wa kila kitu siku hizo, ikawaita.

"Mambo ya Wafaransa haya," alisema kiongozi wao. "Tumeshaachana nao."

"Mzee anayejitwalia msichana kwa ng'ombe na dhahabu," Zalifa akamuuliza, "huyo ni Mfaransa?"

Vijana wakaangua kicheko. Walitaka tu aweke mwishoni wimbo wa mapinduzi. Akakataa, akasema watoto wakiambiwa la kufikiri hawatacheka. Mhuri ukagongwa hivyo hivyo.

Vijiji vya Ngazija, kisiwa chao, viliwapokea vizuri. Kisha wakapanda meli ya mizigo hadi bandari ya Mutsamudu, kwenye kisiwa kingine, na kutoka hapo wakapandisha mlima kwa miguu, mavazi vichwani, hadi shule yenye vyumba viwili na bati lililotoboka. Mwalimu mkuu, Salimou, aliwakalisha watoto themanini chini, uwanjani.

Mchezo ukaanza, na ukazama. Maneno yaliyowavunja mbavu watu wa Ngazija hapa yalianguka kama mawe mchangani. Watoto walisema Kinzwani, lugha ya kisiwa chao. Kingazija cha wageni kiliwapita kushoto na kulia. Ndipo msichana mmoja akasimama.

"Fundi," alimwambia Salimou, maana visiwani mwalimu huitwa fundi, "huyu mzee anasema nini?"

Salimou akainuka na fimbo. "Kalathoumi! Kaa chini!"

"Mwache, mwalimu," Zalifa alisema. "Ameuliza la haki." Akamshika msichana mkono, akamweka mbele ya Bourhane, akasema polepole na kwa ishara. "Huyu anataka kumuoa binti wa nyumba hii. Wewe ndiye mtumishi. Anabisha hodi. Utamwambia nini?"

Kalathoumi alimtazama Bourhane, kilemba hadi viatu.

"Nitamwambia, babu, umepotea njia. Msikiti uko kule."

Uwanja ulilipuka. Bourhane mwenyewe alisahau maneno yake kwa kucheka.

Walikuwa wamekuja kwa siku moja, wakakaa tisa. Asubuhi Zalifa aliwafundisha watoto kusimama, kungoja, kutoa sauti tumboni. "Semeni hadi wale mama wanaofua mtoni wageuke," aliwaambia. Siku ya tatu mama mmoja aligeuka. Siku ya sita wakageuka wote, wakajibu matusi ya mchezo kwa matusi yao. Salimou aliuandika mchezo wote daftarini kwa Kinzwani, kama watoto walivyousema, fimbo ameiacha ofisini.

Ijumaa, baada ya sala, watoto wa mlimani walicheza uwanjani Mutsamudu. Wachukuzi wa bandarini walikuja na magunia mabegani, wazee na kanzu zao, wanawake wakajaa madirishani. Kalathoumi, sasa ndiye mtumishi, alipomfungia mlango mzee tajiri, vigelegele vilishuka kutoka ghorofani. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele, uso umekunjwa, akapiga goti lake na kusema kwa nguvu, "Kweli kabisa!"

Zalifa alikuwa nyuma ya pazia, pini mdomoni, tayari kushona lolote litakalochanika. Ilimbidi azitoe pini asije akazimeza kwa kicheko. Hakuwakumbusha neno hata moja, hawakuhitaji.

Mchezo ulipokwisha, watu hawakuondoka. Wachukuzi waliketi juu ya magunia yao na kuanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja, hadi Kalathoumi akachungulia pazia, uso unang'aa.

"Fundi, wanataka tena!"

"Basi wape," alisema Zalifa. "Tangu mwanzo."