Kanda Isiyokatika

Fundi Kanda, muunga kanda za muziki zilizokatika, hakusoma sana, lakini kwa mambo ya Chiriku, yule mwimbaji aliyependwa hata na wasiopenda muziki, hakuna aliyethubutu kubishana naye. Chiriku alitoa albamu sita, na Fundi alizipanga kwa chaki nyuma ya mlango wa kibanda chake, kuanzia iliyo bora hadi ya mwisho. Hakupanga kwa kusikia ya watu. Alipanga kwa kanda zinazokatika na kuletwa kwake.

"Mtu harudii wimbo asioupenda," alikuwa akisema huku ameubana utepe kwa kibano. "Kanda inayopendwa hurudishwa nyuma, ikarudishwa, mwisho ikakatika. Na zikikatika zote huja hapa."

Ya pili ndiyo iliyokuwa juu, maana ilikatikia palepale siku zote, wimbo wa tatu, sauti inapopanda. Ya tano ilikuwa mkiani. Chiriku aliiimba na gitaa moja tu, baada ya kufiwa na mumewe, na miaka nenda miaka rudi haikufika tena mezani kwa Fundi. Mtu akiitaja, yeye humwuliza, "Kwani wewe umefiwa na nani?" Kibanda kizima kinacheka.

Sifa zikafika redioni. Mtangazaji akamwalika Jumamosi asubuhi aje aisome orodha yake, mji mzima usikie. Fundi alinyoa ndevu siku mbili mfululizo. Alichokitaka maisha yake yote ni kuitwa mtu anayejua.

Ijumaa mchana akarudi nyumbani kuchukua shati jeupe. Akamkuta mkewe kwenye meza ya jikoni, wembe mkononi, chupa ya rangi ya kucha, ndiyo gundi yake, pembeni, ameinamia utepe kama anayemtoa mtoto mwiba. Ilikuwa kanda ya tano. Nyuma ya kopo la unga zilisubiri nyingine nne, zote za tano.

"Hiyo ya nani?"

"Ya muuguzi wa mtaa wa nyuma."

"Mbona hakuniletea mimi?"

"Alikuletea, baba watoto, mwaka ule. Ukamwuliza kafiwa na nani." Mkewe aliupuliza utepe ukauke. "Na kweli alikuwa kafiwa. Mama yake. Tangu hapo wenye kanda ya tano wanapitia mlango wa jikoni."

Fundi akaketi. Akauchukua utepe, akaupitisha kati ya vidole viwili, vidole vilivyozoea kugundua hata gizani kiungo, pale utepe ulipoungwa. Hakukihisi kiungo. Akarudia. Hakukihisi.

"Nani kakufundisha?"

"Miaka yote nakuletea chai kibandani. Ulidhani macho nilikuwa nayaacha nyumbani?"

"Umeziunga ngapi?"

"Sikuhesabu. Ila chupa hii ni ya tisa, na kucha zangu unaziona."

Kucha zake hazikuwa na rangi hata chembe. Fundi akacheka kidogo. Shati alilisahau kwenye kamba.

Jumamosi akasoma. Ya pili, ya sita, ya kwanza, ya nne, ya tatu. Mtangazaji akamsogezea kipaza sauti.

"Na ya mwisho ni ya tano, fundi, kama tunavyokujua."

"Hapana. Orodha hii imekosewa, na aliyeikosea ni mimi. Nilihesabu zinazokuja kwangu, na za tano nilizifukuza kwa ulimi wangu. Zimeungwa na mke wangu, tena kwa mkono unaoushinda wangu. Kwa alizounga yeye, ya tano ndiyo iliyo juu. Na yule niliyemwuliza kafiwa na nani, anisamehe."

Wapo waliocheka mjini. Lakini wengi wa waliokuwa wakisikiliza walikuwa na kanda hiyo kabatini.

Jumatatu kibandani palikuwa na viti viwili, kimoja cha mkewe. Muuguzi alifika kabla ya saa tatu, akasimama mlangoni, kanda nyingine mkononi. Fundi alifungua kinywa kama kawaida yake. Akamtazama mkewe, akakifunga. Kisha akamwuliza mgeni, polepole:

"Karibu, dada. Imekatikia wimbo gani?"