Uvimbe Ulioongezeka Baada ya Dawa

Miaka thelathini alikagua mizani madukani, na kazi hiyo ikamfanya asiamini hata kivuli chake. Muuza sukari akichangamka kupita kiasi, Mkaguzi aliipindua sahani ya mizani aone kilichobandikwa chini. Basi alipougua saratani ya pafu, alimshuku hadi daktari.

"Dawa hii yenyewe haipigani na uvimbe," daktari alimweleza. "Mwilini mwako mna seli za kinga. Saratani imezilaghai, zinapita kando yake bila kuigusa. Dawa inazifungua macho."

"Kwa hiyo mnanitia dawa isiyotibu?"

Alisoma maandishi ya kila mfuko wa dripu na kumuuliza muuguzi umefunguliwa saa ngapi. Mkewe aliona haya mpaka akahamia kiti cha mbali.

Baada ya dripu ya tatu, picha ikaonyesha uvimbe umeongezeka.

"Nilijua! Nimepigwa changa la macho!"

"Baba watoto, msikilize kwanza," mkewe alimsihi.

Daktari akasema huenda seli za kinga zimejazana mle kupigana, ndiyo maana uvimbe umenenepa.

"Huenda! Mimi nataka ushahidi."

Alitarajia daktari akasirike. "Hata mimi nautaka," daktari akajibu. "Pengine saratani inakua kweli. Kuna seli za kinga zinazogeuka zikaisaidia kukua. Tukate kinyama tupime."

Siku tisa za kungoja majibu, alimshuku hata mkewe. Mkewe akipokea simu uani, yeye alitega sikio dirishani, akidhani anafichwa jambo.

Siku ya kumi daktari akamkalisha mbele ya hadubini. Vidoa vya zambarau vilijaa kila mahali: seli za kinga. Za saratani zilikuwa chache, nyingi zimekufa.

"Nitajuaje kwamba kinyama hiki ni changu?"

Akaonyeshwa namba kwenye kipande cha kioo kilichobeba kinyama, akailinganisha na ya kadi yake, tarakimu kwa tarakimu. Ilikuwa yake. Akainama tena kwenye hadubini, akaanza kuhesabu zilizokufa. Aliponyanyuka alimpisha mkewe naye aone.

Miezi miwili baadaye uvimbe ulikuwa umepungua nusu. Ila seli zilezile za kinga ziliivamia pia tezi ya shingoni, na sasa anameza kidonge cha kufidia homoni ya tezi hiyo kila asubuhi.

"Afadhali hili kuliko saratani," mkewe alimwambia.

"Afadhali," alikubali, huku akijipapasa shingo. "Lakini tumwulize na daktari wa pili."